Usiguse Nyasi za Mama

Udo, tarehe 21 Aprili

Kwako Mama Haerin,

Salamu sikuletei, maana najua utazirudisha. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imenifungia mlango. Nilipiga mpaka mwanangu Minu akasema, "Mama, amekublok. Mwache binti wa watu apumue." Binti wa watu! Tuna miaka hamsini na ushee wewe na mimi, na magoti yangu yana zaidi ya hiyo.

Chaeok, wewe ndiye uliyetaka tuzunguke Udo kwa miguu. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kutembea bila mzigo. Nikienda mikono mitupu najihisi kama nimesahau kitu nyumbani. Lakini ulisema, "Tulikua kisiwani tumeinamisha vichwa chini ya mafurushi ya mwani. Twende mara moja tu tukakitazame kama wageni wanavyokitazama." Nikafurahi kama mjinga. Nikafunga wali, nikachemsha mayai, nikavaa viatu vya Minu kwa kuwa vyangu vyote vina tope la shamba la karanga. Tukapanda kilima cha mnara. Shayiri ilikuwa kijani, bahari bluu, na mimi nilikuwa mwekundu kwa kuhema. Ukacheka. Ulicheka vizuri siku ile, usikatae.

Kwenye njia panda ya mashamba nikasema tupite ufukweni. Ukasema, "Napita kumwona mama." Nikasema huko kuna upepo. Ukasema, "Gapsun, tangu lini unanichagulia upepo?" Basi tukaenda. Tukamkuta mama yako ndani ya ukuta wake wa mawe, tuta la kaburi lake safi, gugu hata moja hakuna. Ukainama, ukasema, "Binamu Dalsu ana mkono mzuri wa kufyeka. Mwaka huu nitamwongezea sanduku jingine la dagaa wakavu."

Hapo ningenyamaza, na kunyamaza nilinyamaza. Ila mdomo wa kijiji hauna likizo. Yule bibi wa shamba la pili akasimama akapiga kelele: "Gapsun! Umekuja tena kumnyoa mama yako? Hata Septemba ya kufyeka makaburi bado!"

Nilikuona uso ukibadilika. Nami nikaona aibu, sina la kujitetea. Lakini na wewe ukatoa la kwako! Kwamba mwaka huu kalenda ya jadi ina mwezi wa ziada, ule ambao mizimu hufumba macho, na kwamba umeshaongea na wachimbaji waje wamtoe mama umhamishie Busan. Kumbe matembezi yote yale, na picha zote zile, yalikuwa ya kuaga. Mimi nabeba mayai, wewe unaaga.

Ukashika kushoto, nikashika kulia. Kwa hasira tukasahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua: kisiwa ni duara. Tukakutana uso kwa uso upande wa kaskazini, na ukanipita kama unavyopita nguzo ya umeme.

Sasa sikiliza. Mama yako habanduki hapa. Wachimbaji wakija nitakaa juu ya kaburi, na kwa uzito wangu watalazimika kuazima winchi ya bandarini.

Kofia yako iko kwangu. Upepo uliiokota.

Mimi, mwenye miguu inayowaka moto,
Gapsun

*

Busan, 2 Mei

Gapsun,

Nguzo ya umeme haili aiskrimu. Umesahau kuandika hilo. Nilikuwa nazunguka kisiwa nalia mpaka watalii wananipisha njia, nageuka kona, na wewe unakuja unalamba aiskrimu ya karanga! Mtu mwenye uchungu analamba?

Usinifanyie mzaha katika hili. Maisha yako yote kila kitu ni mzaha: magoti, uzito, viatu vya Minu. Nakujua. Unajicheka mwenyewe ili mtu asipate nafasi ya kukuuliza swali. Mimi nauliza.

Siku tulipomzika mama ulikuwepo. Uliwasikia wazee wa ukoo wa baba wakiniambia, tena udongo bado mbichi: "Chaeok, wewe umeolewa, umekuwa wa kwa watu. Nyasi ni kazi ya wanaume wa ukoo. Mundu si wako." Nikainamisha kichwa. Nikapanda boti. Kila mwaka, majuma yale ya kufyeka makaburi, nikiona kwenye televisheni foleni za magari ya watu wanaorudi kwao na mashine zao, mimi nipo jikoni naosha mchele nao umeshatakata. Nilitii, Gapsun. Nikamtumia Dalsu dagaa, nikamwandikia asante.

Kumbe wakati wote huo wewe umepiga magoti pale, mundu mkononi. Wewe! Mwanamke kama mimi, tena bila tone la damu yetu. Kama mwanamke alikuwa anaruhusiwa, mbona asiwe mimi?

Mlinivika kilemba cha ukoka, wewe na Dalsu, mkaniacha nitembee nacho kichwani mbele ya watu. Unajua kwetu wanavyosema: usipowafanyia wazee tambiko, utajua mwenyewe, usipofyeka kaburi, watajua majirani. Basi wamejua. Yule mwanamke aliitwa Mama Chaeok tangu nilipozaliwa. Hata baba hakumwita jina lingine. Leo bibi wa shamba la pili anapaza sauti, "mama yako," anakuangalia wewe. Amekufa mara moja, nanyi mkamfanya kama hakuzaa.

Jino la pembe si dawa ya pengo. Ni mama yangu. Namhamisha. Kaa juu ya kaburi ukipenda, nitawaambia wachimbaji waanze na wewe.

Kofia itupe baharini.

Chaeok

*

Udo, 11 Mei

Chaeok,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama shambani, nikaisoma tena nikiwa nimeketi, na mara zote mbili nilitamani kukuchapa na mundu kwa upande usio na makali.

Hutaki mzaha? Haya, hakuna mzaha.

Baada ya maziko Dalsu alifyeka mara moja. Mwaka uliofuata nikapita, nikaona miiba imepanda tuta lote, mzabibu mwitu umekumbatia ukuta. Nikapanda boti nikamfuata mjini anakokaa. Nikamwambia, "Kaka Dalsu, kaburi la Mama Chaeok limekuwa kichaka." Alikuwa anaangalia mpira. Hakugeuza hata shingo. Akasema, "Mama Minu, mgongo wangu umekufa. Halafu kwani ni kaburi la nani? La mwanamke aliyezaa binti tu."

Hivyo hivyo. "Binti tu." Na nyuma yake, juu ya friji, nikaliona sanduku lako la dagaa, limefunguliwa.

Sasa niambie, hayo ningekuletea kwenye simu? Ningekuambia, "Chaeok, mchana mwema, binamu yako amesema mama yako alizaa binti tu"? Nilirudi nikachukua mundu. Nilidhani ni mwaka mmoja tu, nitakuambia mwakani. Mwakani ikaja, nikaogopa utauliza mbona mwaka jana hukusema. Uongo ni kama ukoka, ukiuacha msimu mmoja unatambaa mpaka kwa jirani.

Na hilo la jino la pembe nimelisikia. Hilo jino la pembe ndilo lililotafuna miaka yote hii pengo lilipokuwa Busan.

Unadhani nilikuibia mama? Alinifundisha kupiga mbizi, ndiyo, nami nilikuwa mpiga mbizi mbaya kuliko wote tangu bahari iumbwe. Alisema, "Gapsun, wewe unaelea kama boya. Nenda kalime karanga." Alipougua nilimpelekea uji. Nikampulizia, nikamwinua kichwa. Akimeza kijiko anauliza, "Busan kuna mvua leo?" Kijiko kingine, "Chaeok bado ana kile kikohozi?" Siku nzima Chaeok. Mimi niliyeshika bakuli nilikuwa kama sahani ya kuwekea. Unadhani mimi sikuona wivu? Niliona wivu mpaka uji ukapoa.

Ulizuiwa na wazee, nakubali. Mimi hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyenihesabu. Lakini wale wazee wamekufa siku nyingi, Chaeok. Mmoja wao nimemzika mimi. Umekuwa ukimtii nani?

Kofia sitatupa. Ni nzuri. Naivaa shambani.

Gapsun

*

Busan, 26 Julai

Gapsun,

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nami nilifundishwa kutoyaweka kwenye bahasha.

Nilimpigia Dalsu. Nikamuuliza kama alisema maneno yale. Akasema, "Nilikuwa naangalia mpira." Hilo ndilo lililokuwa kanusho lake. Dagaa atawasikia kwenye bomba.

Mwezi wa ziada umeanza jana, na wachimbaji nimewaambia wasubiri. Usifurahi. Si kwa ajili yako. Nilikwenda kuona ile nyumba ya kuwekea majivu ya wafu niliyomchagulia mama. Ni safi, ina viyoyozi, ina muziki laini. Wanakupa kijumba chenye kioo na namba, ghorofa ya juu, na kinafanana kabisa na kabati la kuwekea viatu pale hamamuni. Nikauliza bahari iko upande gani. Kijana wa pale akafikiri, akanionyesha ukuta wa choo. Mama, ambaye hakulala siku moja bila kusikia wimbi! Nikatoka bila kuaga.

Basi sasa nisikilize, na usome polepole. Mwaka huu nafyeka mimi. Kwa mkono wangu, kwa mundu wangu. Wazee wamekufa, umesema. Haya. Wewe usiguse. Sitaki uniandalie, sitaki unipunguzie kazi, sitaki nikute umefagia fagia. Usiguse hata jani.

Nikifika nikikuta umegusa, naapa: masika, siku ile ya kula vyakula baridi ambapo watu huhamisha makaburi, mama anaondoka, kabati la viatu au si kabati la viatu. Nawe utabaki unanyoa shayiri.

Kofia vua. Ni yangu.

Chaeok

*

Udo, 20 Agosti

Chaeok,

Sigusi.

Naandika neno hilo moja nikishika meza. Nimeanza kung'oa karanga, na kila siku nikienda shambani napita pale. Nageuza uso kama mwanamke aliyekutana na mume wake wa zamani. Nyasi zimefika kiunoni. Ningesema kiunoni mwangu, ila huko hakuna mpaka unaoonekana.

Unajua watu wanaongea. Jana dukani: "Gapsun, kulikoni? Mama yako ana nywele ndefu siku hizi." Wengine wanasema nimeugua. Mwingine akasema nimekuwa mvivu. Hilo liliniuma kuliko la ugonjwa.

Nimevumilia kwa sababu umeapa, nami nakujua, ukiapa hata upuuzi unautimiza. Lakini njoo mapema. Usipokuja kabla ya Chusok, sikukuu ya kuwaandalia wazee, mama yako atafika kwenye karamu na miiba kichwani, na wenzake watamcheka. Hilo nalo si la kuapia.

Ukija niambie nikupokee bandarini. Au usiniambie. Unavyotaka, bibi mkubwa.

Gapsun

*

Busan, 14 Septemba

Gapsun,

Nimekuja, nimefyeka, nimerudi. Nawe hukujua!

Nilipanda boti ya kwanza jana, nimejifunga kitambaa mpaka puani kama mwizi wa kuku. Nilimpita Minu wako bandarini anapakia magunia, akaniamkia, "Karibu bibi, unataka gari la kukodi?" Nikatikisa kichwa nikaenda zangu kwa miguu.

Nilifika pale nikasimama. Ile shayiri ilikuwa imekwenda na karanga zimeshika nafasi, na zile kuta za mawe zote zinafanana kama meno. Kaburi la jirani lilikuwa limenyolewa safi, lakini la mama lilikuwa msitu. Msitu, Gapsun! Nikasema moyoni: kumbe ametii. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwanamke huyu ametii. Pale pale nikakusamehe nusu.

Mundu niliununua hapa Busan, na muuzaji alinidanganya. Haukati, unabembeleza. Nilikata, nikavuta, nikang'oa kwa mikono. Nyigu alinitafuta. Viganja vimetoka malengelenge na leo siwezi kukamua kitambaa cha kupigia deki. Tuta limetoka kama kichwa kilichonyolewa na mlevi, lakini nimelitoa mimi. Nikamimina pombe ya soju. Nikainama. Kisha nikakaa nikamwambia mambo ambayo hata wewe hujui: kwamba siku nilipoondoka na yule mwanaume nilikaa nyuma ya boti, nikamwona amesimama kwenye miamba na nguo za mbizi, naye hakupunga mkono, nami sikupunga, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Nikamwambia, mama, leo naanza mimi. Nikapunga pale mbele ya tuta, kama mwehu.

Sijawahi kulala vizuri kama jana.

Basi umeona. Mama habanduki, maana umetimiza neno lako. Bado nina hasira na ile nusu iliyobaki.

Chaeok, bintiye

*

Udo, 19 Septemba

Chaeok,

Tafuta kiti. Umeketi? Ketisha na moyo.

Jumapili walifika watoto wa marehemu Pyo Manseok kutoka Suwon, na gari, na mashine mbili za kufyekea. Mzee Pyo unamkumbuka: yule mlevi aliyekuwa akiiba mwani unaoanikwa, mama yako akamkimbiza na mwanzi mpaka akaingia baharini na viatu. Kaburi lake liko ukuta kwa ukuta na la mama yako, upande wa kulia.

Wakakuta baba yao amenyolewa.

Yule mkubwa alitoka pale akaja mpaka dukani anatoa povu. "Nani kamgusa baba yangu? Sisi tumekufa? Tumeacha kazi, tumelala njiani kwenye foleni, tunafika tunaambiwa hatuna baba!" Mtu akamwambia, "Nenda kwa Gapsun. Kisiwani hapa mwenye ugonjwa wa kunyoa makaburi ya watu ni mmoja tu." Akaja. Nikamwambia sikuwa mimi. Akasema, "Kaburi limekatwa vibaya hivyo, mwanaume gani angefanya?" Hapo barua yako ilikuwa haijafika. Niliapa, nikakana, nikatukanwa. Juzi ndipo posta akaniletea barua yako, nikaisoma, nikakaa chini kwenye maganda ya karanga nisijue nilie au nipasuke.

Umempungia mkono mlevi, Chaeok. Amekunywa na soju yako. Tangu afe hajapata siku nzuri kama ile.

Sasa lililobaki ni langu, na sitalifunika. Kaburi lililokuwa limenyolewa safi ndilo la mama yako. Niligusa. Nilivumilia mpaka mwanzo wa Septemba. Kisha yule bibi wa shamba la pili akaniambia tena mbele ya watu, "Gapsun, mama yako anatisha." Nikamjibu kwa sauti, dukani kote wakageuka: "Si mama yangu. Ni Mama Chaeok. Ana bintiye, na bintiye anakuja." Nikatoka pale kifua mbele. Nikapita shambani, nikamwona na ile miiba yake, na mikono ikanishinda. Nilidhani umeahirisha. Sikudhani utaingia kama mwizi wa kuku.

Lakini sikumaliza. Upande wa miguuni, kule nyuma usikoonekana ukiwa langoni, nilipofika mikono ikakataa. Nimeacha. Pako kama palivyokuwa, nyasi na miiba na kila kitu.

Umeapa, nami nimegusa. Fanya unachofanya. Ila ukija na wachimbaji, ule uzito niliouahidi upo pale pale, tena umeongezeka.

Gapsun

*

Busan, 26 Septemba

Gapsun,

Nina hasira mpaka naandika nimesimama. Mume wangu ameniuliza kuna nini, nikamwambia nyamaza, akanyamaza.

Kosa langu lote ni moja: nilikuamini. Nani mwingine duniani angekosea kaburi la mama yake kwa kumwamini rafiki? Nilimwambia mlevi siri ya boti! Alikuwa akiiba mwani wetu!

Nimeitafuta namba ya yule mtoto mkubwa wa Pyo, nikampigia. Nikamwambia, "Ni mimi. Mama Minu hana kosa." Gapsun, alinitukana mpaka sikio likapata joto. Kwamba nimewafanya watu wasio na baba. Kwamba wataonyeshaje uso mbele ya majirani. Kwamba nani aliniomba. Nikasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kila neno nililijua. Nilishayaandika yote, mwezi wa Mei, kwa mwandiko wangu, nikabandika na stempu. Alipochoka nikamuuliza, "Mwakani mtakuja?" Akasema, "Tutakuja hata na mvua ya mawe!" Nikasema haya.

Mama habanduki. Nilisema nikikuta umegusa. Sikukuta, nilikuwa nimempa mgongo nabembeleza nyasi za Pyo. Kwa hiyo kiapo hakihusiki. Usibishane nami, nimeshakata shauri.

Nakuja Jumamosi kabla ya Chusok, boti ya kwanza, uso wazi. Unipokee bandarini na ule mundu wako, huu wangu nimempa muuzaji wake na maneno juu. Kile kipande cha miguuni usikiguse. Usikiangalie hata. Utakaa ukutani na magoti yako, utanionyesha mkono unashikwaje, nawe utafunga mdomo. Yule bibi wa shamba la pili akipita, mwache aone. Na akiuliza, najibu mimi.

Halafu tunazunguka kisiwa, maana ile safari hatukuimaliza. Tunashika kushoto. Wote wawili, Gapsun, kushoto. Ukishika kulia nakusukuma baharini, nasikia unaelea.

Aiskrimu nunua mbili.

Simu sijaifungua bado. Lete kofia yangu.

Chaeok, wa Mama Chaeok